Darubini yenye programu: kioo kitabaki, programu je?

Nilipotea kidogo. Nilikuwa kwetu Mkokoni, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, ambako mtandao huja na kuondoka kama maji. Leo siandiki habari za seva. Ni darubini.

Vijana wanaowatembeza wageni kuangalia ndege walinijia: "Kaka, wewe ndiwe mtu wa kompyuta. Tukichanga, tununue ile inayotaja jina la ndege?"

Wanaisema AX Visio ya Swarovski Optik, iliyotoka 2024. Unaelekeza, unabofya, jina linatokea mbele ya jicho. Ndani mna Merlin, programu ya Maabara ya Ndege ya Cornell, Marekani. Bei ilipotoka: kama yuro 4,600!

Kusema kweli, kampuni hii ya Absam, Austria, iliyoanza 1949, haikupewa nafasi yake bure. Zeiss na Leica walikuwa wakubwa; EL ya 1999 ikawasogeza, na NL Pure ya 2020 ikapanua eneo la kuonea. Walishinda kwa kioo. EL iliyotunzwa vizuri bado inafanya kazi.

Sasa nionyeshe simu ya 2009 inayopata masasisho leo. Sisi waandishi wa programu tunaijua siri yetu: programu haili kutu kwa chumvi, hufia ofisini, siku mtu anapoamua kuacha kuitunza. Betri nayo huchoka. Ndiyo, lenzi za Visio zitaendelea kuonyesha bila umeme, lakini hapo umebeba zaidi ya kilo moja ya darubini ya kawaida uliyoilipia kama ya ajabu.

Na kuna jingine. Mgeni hasafiri hadi Mkokoni kusomewa jina na mashine. Anamfuata kijana anayejua membe wanataga kisiwa gani wakati wa kusi, na yule ndege mweupe na mweusi mla kaa hushukia fungu gani maji yakitoka. Hayo hayamo kwenye programu.

Jibu langu kwao: kwa bei ile mnapata darubini 15 za yuro 300. Kila mmoja na yake shingoni. Merlin yenyewe ni bure kwenye simu. Ipakueni mkifika penye mtandao.

Swarovski na wabaki juu, ila kwa kioo.

Mwaonaje? Nipingeni.