Kisasi cha Mnyonge: Filamu ya Asuran na Wajibu wa Mhakiki wa Kiswahili

Kuna kasumba iliyoota mizizi miongoni mwetu wanafunzi wa fasihi, nayo ni kudhani kwamba filamu itokayo India haina jambo ila ngoma, machozi na ngumi. Aghalabu anayeitaja filamu ya aina hiyo katika semina huchekwa, kana kwamba ametoka kibandani alikolipa shilingi chache kutazama watu wakirushwa hewani. Isitoshe, hata jina tunalozipa filamu hizo lina kasoro. Tunaziita zote za Kihindi, ilhali nyingi ni za lugha nyingine kabisa. Kitamil, kwa mfano, si lahaja ya Kihindi wala si ndugu yake wa karibu. Ni lugha ya jamii ya Kidravidi, yenye fasihi andishi ya takriban miaka elfu mbili. Msomi wa Kiswahili, ambaye huudhika lugha yake inapoitwa kizalia cha Kiarabu, angepaswa kuwa wa kwanza kuliona kosa hilo.

Makala haya yanaitetea filamu moja ya Kitamil, Asuran, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 4 Oktoba 2019. Ni filamu ya mapigano, na msuko wake unaendeshwa na kisasi. Hata hivyo, ninashikilia kwamba kiini chake hakimo katika mapigano. Kimo katika swali ambalo fasihi yetu pia imekuwa ikilizungukia tangu zamani: mnyonge aliyedhulumiwa afanye nini pale ambapo sheria haimsikii?

Kwanza, asili yake. Mwongozaji Vetrimaaran aliitoa filamu hii katika riwaya ya Vekkai ya mwandishi Poomani, iliyochapishwa mwaka 1982. Hakuwa mgeni katika kazi ya kugeuza kitabu kuwa filamu. Visaranai, iliyoonyeshwa katika tamasha la Venice mwaka 2015, nayo aliitoa katika kitabu cha mtu aliyeandika mateso aliyoyapata mikononi mwa polisi. Mhusika mkuu wa Asuran, Sivasaami, aliigizwa na Dhanush, mwigizaji ambaye Vetrimaaran alikwisha kufanya naye kazi katika Polladhavan (2007), Aadukalam (2011) na Vada Chennai (2018). Manju Warrier, mwigizaji mashuhuri wa filamu za Kimalayalam, aliigiza kama Pachaiyamma, mkewe Sivasaami, na hiyo ndiyo iliyokuwa filamu yake ya kwanza ya Kitamil. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba filamu hii imepata Tuzo ya Kitaifa ya India ya filamu bora ya Kitamil, na Dhanush akawa mmoja wa waigizaji wawili waliogawana tuzo ya mwigizaji bora wa kiume.

Tumefundishwa kuanza uhakiki kwa anwani, na hapa anwani inatufaa sana. Vekkai maana yake ni joto kali, lile la jua la kusini mwa Tamil Nadu na lile la hasira ifukutayo kifuani. Asuran linatokana na asura, jina la viumbe wenye nguvu walio maadui wa miungu katika visaasili vya Kihindu. Ni jitu, au ukipenda, pepo. Riwaya, basi, imepewa jina la hali inayomzunguka kila mtu, na filamu imepewa jina la mtu mmoja mwenye nguvu za kutisha. Mabadiliko hayo ya anwani ni ufunguo wa mazuri ya filamu hii na wa udhaifu wake.

Msuko wenyewe ni huu. Sivasaami ni mkulima wa tabaka la chini katika mfumo wa kasti, yaani matabaka ambayo mtu huzaliwa nayo na kufa nayo. Familia yake ina ekari tatu za ardhi. Narasimhan, tajiri wa tabaka la juu, anaitamani ardhi hiyo ili ajenge kiwanda. Uhasama unaanza kwa mambo yanayoonekana madogo: ua wenye nguvu za umeme unamuua mbwa wa familia, maji ya kisima yanaibiwa. Murugan, mwana mkubwa, anapigana na watu wa tajiri na kutiwa ndani. Baadaye anamwaibisha Narasimhan kwa kumpiga kwa ndara, naye anauawa kikatili, maiti yake ikitupwa bila kichwa. Mamake anaomboleza mwaka mzima. Hatimaye mdogo wake, Chidambaram, ambaye angali kijana mbichi, anamuua Narasimhan, na baba na mwana wanakimbilia msituni.

Mtazamaji wa haraka ataikumbuka filamu hii kwa pigano ambamo baba, aliyekuwa akidharauliwa na wanawe kwa woga wake, anageuka ghafla na kuwafyeka maadui. Mimi ningemwomba akumbuke mandhari nyingine. Murugan alipokuwa kizuizini, sharti la kumwachilia lilikuwa kwamba babake aanguke miguuni pa wanaume wa kijiji cha tajiri, mmoja baada ya mwingine. Sivasaami analitimiza. Anainama, anajilaza mavumbini, anainuka, anaenda kwa mwingine, anainama tena. Hapamwagiki damu hapo. Na bado sijui mandhari ya mapigano katika filamu hiyo inayomchoma mtazamaji kiasi hicho, kwa kuwa inatuonyesha dhuluma katika umbo lake la kila siku, ambalo halihitaji panga wala bunduki. Linahitaji tu jamii nzima ikubali kwamba mtu fulani ameumbwa ili ainame.

Fauka ya hayo, mbinu ya kisengere nyuma inatufahamisha kwamba kuinama huko hakutokani na woga. Katika ujana wake Sivasaami alikuwa mpishi hodari wa pombe, akimtumikia tajiri aliyemwamini. Alimnunulia ndara msichana aliyekusudia kumwoa. Msichana alipopita njiani amezivaa, mwanamume wa tabaka la juu alimpiga na kumlazimisha azibebe kichwani, kwa kuwa watu wa tabaka lake hawakuruhusiwa kuvaa viatu mbele ya wakubwa. Ndara hapo ni ishara iliyotumiwa kwa ustadi: kile kile kilichotwikwa kichwani mwa msichana ndicho Murugan anachokiinua, miaka mingi baadaye, dhidi ya Narasimhan. Mwana halipizi kisa anachokijua. Anairudia historia ambayo babake alimficha.

Historia hiyo si ya kubuni tupu. Sehemu hii ya filamu inagusa mapambano ya kurejesha ardhi ya Panchami, ambayo serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwatengea watu wa matabaka yaliyokandamizwa mwaka 1892, na ambayo sehemu kubwa yake ilikuja kuangukia mikononi mwa wengine. Aidha, nyumba zinapochomwa usiku zikiwa na watu ndani, watazamaji wengi wameusikia mwangwi wa Kilvenmani. Katika kijiji hicho cha wilaya ya Thanjavur ya wakati huo, tarehe 25 Desemba 1968, watu 44 wa familia za vibarua wa Kidalit, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa ndani ya kibanda baada ya mgogoro wa ujira katika mashamba ya mpunga. Wenye mashamba walioshtakiwa walihukumiwa, kisha mahakama ya rufani ikawaachilia. Mwaka 1980 aliyetajwa kuwa kinara wao aliuawa. Anayejiuliza kisasi huzaliwa wapi na asome upya mfuatano huo: moto, hukumu, rufani, panga.

Wapo watakaopinga. Watasema filamu hii inatukuza umwagaji damu, na kwamba kijana anayeitazama atatoka na funzo moja tu, kwamba dawa ya moto ni moto. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Mapigano, yaliyopangwa na Peter Hein, yamesanifiwa ili mtazamaji asisimke, na anasisimka kweli. Muziki wa G. V. Prakash Kumar unapanda pale baba anapoinuka, na ukumbi unapiga makofi. Katika riwaya mambo si hivyo. Kijana wa miaka 15 alikusudia kuukata mkono wa adui tu, akajikuta amemuua, na msomaji anabaki naye katika joto, njaa na hofu ya kukimbia. Filamu imempokonya kijana huyo kitovu cha hadithi ikakikabidhi kwa nyota. Dhanush alikuwa na umri wa miaka 36 filamu ilipotoka, naye akaigiza baba wa kijana aliyekomaa na pia baba huyo huyo katika ujana wake. Aliigiza kwa ufundi usio na shaka, hasa katika mabega yake yaliyoinama na sauti yake ya kusitasita. Lakini mtu awezaye kuwashinda maadui chungu nzima peke yake si mnyonge tena. Jitu limelifunika joto. Swali la haki linakaribia kugeuzwa swali la misuli.

Nasema linakaribia, kwa kuwa filamu yenyewe inalirejesha swali mahali pake. Sivasaami anakubali kuitoa ardhi ili mwanawe asalimike, na hata hilo halitoshi kuwatuliza maadui. Mwishowe anajitoa kuubeba mzigo wa mauaji mbele ya mahakama. Kabla ya kuingia anamwambia Chidambaram kwamba shamba litanyang'anywa na fedha zitanyang'anywa, lakini elimu haiwezi kuporwa, na kwamba akipata mamlaka asiwatende wengine kama walivyotendwa wao. Baadhi ya wahakiki wanaliona neno hilo kama mawaidha yaliyobandikwa mwishoni. Mimi naliona tofauti. Linasemwa na mtu aliyelipiza kisasi mara moja akapoteza jamaa zake wote, akanyamaza akampoteza mwana wa kwanza, akapigana tena na sasa anaenda gerezani. Kila njia aliyoijaribu imemgharimu. Hasira hasara, walisema wahenga, na Sivasaami ameihesabu hasara hiyo hadi senti ya mwisho. Filamu, hata hivyo, haisemi kwamba kunyamaza kulikuwa na faida.

Haya yanatuhusu nini sisi wa Kiswahili? Yanatuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kimaudhui. Wengi wetu tuliisoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed tukiwa shule za upili. Bi Farashuu katika riwaya hiyo naye ni mlipiza kisasi: ametendewa ubaya kupitia kwa bintiye, na anamrudishia Bwana Maksuudi kwa kuvuruga nyumba yake. Tuliandika insha tukimwita mwovu au mjanja, tukapata alama zetu. Ni mara ngapi tuliuliza ni mlango gani mwingine wa haki uliokuwa wazi kwake? Pia ni mara ngapi tuliuliza ni nani aliyeulipa mzigo wa kisasi chake, ikiwa si Maimuna aliyeangamia mjini? Asuran inatufundisha kusoma kisasi kama hesabu yenye pande mbili: kilichoporwa na kilicholipwa, na nani aliyelipa.

Njia ya pili ni ya utanzu. Fasihi yetu imeanza kuingia katika filamu. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, ilifanywa filamu na mwongozaji Mtanzania Amil Shivji na kuonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Anayetaka kuihakiki filamu hiyo kwa haki hawezi kutosheka na kuorodhesha matukio yaliyoachwa na yaliyoongezwa. Yampasa aulize yale tuliyoyauliza hapa: kitovu cha hadithi kimehamia kwa nani, kipi kilichodokezwa kitabuni kimetamkwa waziwazi, na lugha imepata au imepoteza nini. Katika Vekkai, Poomani hakuitaja kasti waziwazi, ilhali Vetrimaaran aliitamka. Poomani aliandika kwa lugha ya watu wa udongo mweusi wa eneo la Kovilpatti, na wahusika wa filamu nao wanazungumza lahaja ya kusini. Sisi tunaoifuata kwa maandishi ya Kiingereza yapitayo chini ya picha tunakosa ladha hiyo yote, kama vile mgeni angekosa ladha ya Kiunguja cha Denge na wenzake.

Pendekezo langu ni jepesi. Wanafunzi wanaotaka kuandika tasnifu kuhusu riwaya zilizofanywa filamu wasiambiwe kwamba hiyo si fasihi. Filamu ya lugha nyingine isomwe kwa ulinganisho kama tunavyosoma tamthilia za Wagiriki katika tafsiri. Na wale wanaozisimulia filamu kwa Kiswahili vibandani, ambao huzifikia nyoyo za watu ambao majarida yetu hayawafikii, wachunguzwe kama watambaji wa zama zetu: wanachokiongeza, wanachokipunguza, na wanapomfikia Sivasaami akiwa amejilaza mavumbini, wanachokisema.