MWENYE SAUTI AITWE KWANZA

Wahenga walisema kwamba mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo. Muhula huu nimelifikiri neno hili mara nyingi, na sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni katuni moja ya Marekani iliyozua ubishi mkali katika bweni letu. Ya pili ni kosa nililolitenda mwenyewe katika chama chetu cha maigizo. Naomba wasomaji wanivumilie nianze na katuni, kwa maana ndiyo iliyonifumbua macho nikaliona kosa langu.

Katuni ninayoisema ni ile ya X-Men. Ilionyeshwa kwanza katika televisheni ya Marekani tangu mwaka 1992 hata mwaka 1997, sehemu 76 kwa jumla. Habari zake ni za watu waliozaliwa na uwezo usio wa kawaida, nao huwalinda wale wale wanaowachukia. Mmoja wao ni Storm, mwanamke anayeamuru mvua na radi, ambaye hadithi husema mama yake alikuwa binti wa kifalme wa Kenya. Kwa hiyo sisi wa pande hizi twamhesabu kuwa shangazi yetu. Baada ya kunyamaza karibu miaka 27, katuni hiyo ilifufuliwa mwaka 2024 kwa jina la X-Men '97, nayo ikaendeleza hadithi pale ilipokuwa imeachwa. Wengi wetu tuliitazama wakati wa likizo kwa jamaa zetu mjini.

Tuliporudi shuleni, ubishi ukaanza. Waliofufua katuni hiyo waliwatafuta watia sauti wa zamani, ingawa wengi wao sasa ni watu wazima sana. Mwenzangu mmoja alisema kwamba huo ni upuuzi. "Katuni ni picha," alisema. "Picha haizeeki. Kwa nini kuhangaika na wazee, na vijana wenye sauti safi wamejaa tele?" Wengi walimpigia makofi, na mimi nilikuwa mmojawapo. Leo napenda kuyarudisha makofi yale.

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Sisi watazamaji hudhani kwamba picha huchorwa kwanza, kisha mtu akaja kuibandika sauti juu yake kama mtu apakaye rangi mlango. Katika katuni nyingi za Marekani mambo ni kinyume cha hayo. Waigizaji husoma maneno yao mbele ya kipaza sauti kwanza, kisha wachoraji huifuata sauti hiyo, wakapanga midomo, kituo cha pumzi, mshangao na kicheko. Basi sauti si rangi ya mlango. Sauti ni msingi, na picha ndiyo nyumba iliyosimama juu yake. Na yule aliyeujenga msingi huo hatumwoni hata siku moja.

Sasa tuwatazame watu wenyewe. Sauti za katuni ile ya kwanza zilitiwa huko Toronto, Kanada. Bwana Cal Dodd alikuwa Wolverine, Bwana George Buza alikuwa Beast, Bibi Lenore Zann alikuwa Rogue, na Bibi Alison Sealy-Smith, mzaliwa wa kisiwa cha Barbados, ndiye aliyekuwa Storm kwa muda mrefu. Wote wanne waliitwa, na wote wanne wakaja. Katika miaka ile ya kimya hawakuwa wamekaa bure. Bibi Zann aliingia katika siasa, akachaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la jimbo la Nova Scotia, na mwaka 2019 akachaguliwa kuingia Bunge la Kanada. Alipokwisha kutoka bungeni, alisimama tena mbele ya kipaza sauti na kusema maneno ya Rogue. Je, sauti zao ni zile zile za mwaka 1992? La, koo la mtu huzeeka, na mwenye masikio husikia. Lakini mtoto aliyewasikia akiwa na miaka minane, naye sasa ana watoto wake, aliwatambua, kama utambuavyo sauti ya bibi yako akikuita kutoka jikoni hata kama meno yamempungua.

Wako ambao wito haukuweza kuwafikia. Bwana Norm Spencer, aliyekuwa Cyclops, na Bwana David Hemblen, aliyekuwa Magneto, walifariki wote wawili mwaka 2020. Nafasi zao walipewa Bwana Ray Chase na Bwana Matthew Waterson. Hapa hakuna wa kulaumiwa. Mzee akifa, ngoma haipasuliwi. Hupewa mwingine aipige. Hata Bwana Mel Blanc, aliyekuwa sauti ya Bugs Bunny tangu mwaka 1940, alipofariki mwaka 1989 sungura yule hakuzikwa pamoja naye. Walitokea wengine wakaichukua kazi, na watoto wakaendelea kucheka.

Lakini yuko mmoja ambaye habari yake ilinishangaza kuliko zote. Bibi Alyson Court alikuwa sauti ya Jubilee, msichana Mmarekani mwenye asili ya Kichina. Bibi Court mwenyewe si wa asili hiyo. Katuni ilipokuwa ikifufuliwa, alieleza kwamba hatairudia nafasi yake, ili apewe mwigizaji mwenye asili ya Asia, na nafasi hiyo akapewa Bibi Holly Chou. Hata hivyo Bibi Court hakufukuzwa mlangoni. Katika sehemu moja ya katuni mpya, Jubilee anakutana na mwanamke mtu mzima, naye kumbe ni Jubilee mwenyewe aliyekwisha kukua. Sauti ya mwanamke huyo ni ya Bibi Court. Basi sauti ya zamani ikazungumza na sauti mpya, ikaipa shauri, ikaaga. Wenzangu, huo ndio urithi uliotolewa kwa mkono wa mwenyewe! Kadhalika Bwana Chris Potter, aliyekuwa Gambit zamani, alirudi akiwa mtu mwingine, Cable, na Gambit akapewa Bwana A. J. LoCascio.

Hapo nikaanza kuona kwamba tulikuwa tukibishana juu ya jambo lisilo lenyewe. Sisi tulikuwa tukiuliza, "Nani apewe, mzee au kijana?" Neno linalopasa kuulizwa kwanza ni jingine, nalo ni hili: "Je, mwenyewe ameulizwa?"

Tuitazame katuni nyingine. Mwezi wa Februari 2022 ilitangazwa kwamba Futurama, iliyoanza mwaka 1999, itafufuliwa. Waigizaji wake wakuu walitajwa, ila Bwana John DiMaggio hakuwamo, kwa kuwa hawakuwa wamepatana juu ya malipo. Huyu ndiye sauti ya Bender, yule roboti mlevi na mwizi apendwaye na watu wote. Mashabiki walipiga kelele nyingi. Yeye mwenyewe alisema kwamba hadai kwa ajili yake peke yake, bali aona waigizaji wote wastahili zaidi. Tarehe 1 Machi mwaka ule ule akatangaza kwamba anarudi, na katuni ikaonyeshwa mwaka 2023. Baadaye alieleza kwamba hakupata fedha zaidi, lakini alichopata ni heshima. Asiyejua kazi atacheka, aseme heshima haijazi sufuria. Ni kweli, haijazi. Lakini mtu aweza kulala na njaa akaamka na kwenda kazini. Akilala na dharau, kesho kazi humwia nzito.

Nisije nikadhaniwa kwamba natetea wazee tu. Mwaka 2017 ilifufuliwa katuni ya DuckTales, iliyokuwa ikionyeshwa tangu mwaka 1987 hata 1990. Bwana Alan Young, sauti ya yule bata tajiri Scrooge, alikuwa amefariki mwaka 1996+20, yaani 2016, na Bwana David Tennant akapewa nafasi. Lakini wale bata watoto watatu, ambao zamani walitiwa sauti zote na Bibi Russi Taylor, walipewa waigizaji watatu wengine, hali Bibi Taylor alikuwa hai. Je, palikuwa na sababu? Ilikuwepo. Zamani watoto wale walikuwa kama mtu mmoja mwenye kofia tatu. Katika hadithi mpya kila mmoja alipewa tabia yake, na tabia tatu zilihitaji sauti tatu. Na Bibi Taylor aliitwa kwa kazi nyingine: katika sehemu ya Krismasi ya mwaka 2018 alikuwa Donald alipokuwa mtoto. Alifariki mwaka uliofuata. Basi kubadili sauti si dhambi, iwapo hadithi yenyewe yadai hivyo na mwenye nafasi hakutupwa kama ganda la muwa.

Wako watakaosema kwamba maneno yangu yamepitwa na wakati, kwa kuwa sasa ziko mashine zinazoweza kuiga sauti ya mtu yeyote, aliye hai na aliyekufa, bila ya kumwita mtu. Ndiyo hasa sababu ya kusema sasa. Waigizaji wa Marekani walipogoma siku 118 mwaka 2023, moja ya mambo waliyodai ni ulinzi juu ya mashine hizo. Mashine haiwezi kujibu kama Bibi Court, "Nafasi hii mpeni mwingine." Haiwezi kukataa wito, wala haiwezi kumfundisha kijana. Anayeichukua sauti ya mtu bila ya kumwuliza amemwibia kitu alichopewa na Mungu na kukitengeneza kwa jasho lake.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Wanachama wa zamani watakumbuka mchezo wetu wa mfalme mchoyo na mganga wake, tulioutunga wenyewe na kuucheza bwaloni miaka miwili iliyopita. Aliyekuwa mganga alikuwa mwenzetu mmoja, wakati huo yuko kidato cha pili. Alikuwa na kikohozi kirefu cha uongo, na kila alipokohoa bwalo zima lilivunjika mbavu. Hata watoto wa walimu walimwita "Mganga" njiani. Muhula huu kamati iliamua kuufufua mchezo ule kwa Siku ya Wazazi. Mimi katibu nilifikiri: huyu sasa yuko kidato cha nne, ana mtihani wa taifa mbele yake, na tena sauti yake imekuwa nzito. Basi nikampa nafasi kijana wa kidato cha pili, nikabandika majina ubaoni. Mwenyewe alisoma ubaoni kama wengine.

Hakugomba. Siku ya Wazazi alikuja, akakaa nyuma karibu na mlango. Kutoka upande wa jukwaa niliweza kumwona akiyasema maneno yote ya mganga kimya kimya, midomo tu ikicheza. Kijana wetu alijitahidi sana, lakini kikohozi kilimshinda, hakuna aliyemfundisha. Tulipokuwa tukikusanya viti, nilimwendea yule wa zamani nikajaribu kumweleza habari ya mtihani wake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Katibu, ungeniuliza tu. Ningekataa, maana hesabu zinanisumbua. Lakini ungeniuliza." Akanyanyua viti viwili, akaenda zake.

Nilikuwa na sababu nzuri, na hata yeye alikubali kwamba zilikuwa nzuri. Lakini sababu zangu zilikuwa zake kuzisema, si zangu kumsemea. Kama ningalimwita, angalikataa kwa heshima, na nadhani angalimkalisha yule mdogo jioni moja akamfundisha kukohoa. Tungalipata mganga mzuri, na nisingalimpoteza rafiki kwa muhula mzima.

Kwa hiyo naleta shauri kwa kamati na kwa vyama vyote vya shule yetu. Kazi ya zamani ikifufuliwa, aliyeifanya kwanza aitwe, aulizwe ana kwa ana, kabla jina halijabandikwa ubaoni. Akikubali naye aiweza, apewe. Akikataa, aombwe amfundishe atakayemfuata. Na kama kamati yaona yafaa kumbadili, aambiwe sababu kwa kinywa, si kwa karatasi na pini nne. Haya hayagharimu hata senti moja.

Yule mwenzetu nimekwisha kumwomba radhi, naye amekubali kwamba mtihani ukiisha, kabla ya kufunga mizigo yake, atakaa na kijana wa kidato cha pili Jumamosi moja. Aliye na maoni mengine na aandike. Gazeti hili ni letu sote.

Katibu, Chama cha Maigizo