Utalii si Pwani na Mbugani Pekee

Neno utalii lina nasaba moja na neno mtaala. Yote mawili yana asili ya Kiarabu, katika shina lenye maana ya kusoma na kuchunguza. Kwa hivyo mtalii, tukifuata asili ya jina lake, ni msomaji wa mahali. Ni Wakenya wangapi husafiri kwa nia hiyo?

Kila Desemba watu hufurika Mombasa kutafuta mapumziko, wakayapata kwa kusukumana. Wapitapo Voi, ni wachache wanaogeuza shingo kuitazama milima ya Taita. Aghalabu utasikia wakiuliza, "Kuna nini huko?"

Kuna mengi. Baadhi ya treni za reli mpya, iliyoanza kazi mwaka wa 2017, husimama Voi. Kutoka hapo matatu hupitia Mwatate, kisha hupanda kona baada ya kona hadi Wundanyi, na joto la nyika likabaki chini. Kilele cha Vuria hufikia mita 2,208. Katika vijiji vilivyo kando ya msitu wa Ngangao, asubuhi huanza kwa ukungu, na usiku hudai blanketi. Mgeni hana ratiba ya kumkimbiza. Hutembea kati ya migomba na makonde yaliyochongwa ngazi ngazi, akaketi na wenyeji wakazungumza. Akijifunza kuamkia kwa Kidawida, ataona nyuso zikimkunjukia. Akifika Sagalla atakuta lugha nyingine, Kisagalla, ambayo wanaisimu huihesabu kuwa lugha kamili, wala si lahaja ya Kidawida.

Hata hivyo, suala hili si la starehe tu. Misitu ya milima hii imebaki vipande vipande. Ndimo wanamoishi ndege kama apalisi wa Taita, ambaye hapatikani kwingineko duniani na yumo katika hatari kubwa ya kutoweka. Mkulima anayeombwa asikate mti ana haki ya kuuliza atafaidika vipi. Mgeni anayelala katika nyumba yake, akala chakula cha shamba lake na kumlipa kijana wake amwongoze msituni, humpa jibu linaloshikika mkononi.

Hatuombi mahoteli makubwa. Hayo yatakuja na kelele zile zile tunazozikimbia. Yatosha serikali ya kaunti ya Taita Taveta itengeneze barabara za vijijini, iwafunze wenye vyumba vya ziada namna ya kupokea wageni, na ihakikishe kuwa malipo yanamfikia mwenye nyumba. Nao wageni waende kwa adabu, na takataka zao warudi nazo.

Likizo ijayo, msafiri, shuka Voi. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika milima ya Taita, mgeni naye atapona.