Tusiwe Manyapara wa Wenzetu

Mwaka jana tawi letu lilipata aibu. Tunaieleza hapa wazi wazi kwa sababu tunaamini aibu hiyo si yetu peke yetu.

Ofisi ya tawi ina kompyuta moja. Ndani yake tunaweka daftari la wanachama: nani amelipa ada, nani amefiwa na anastahili rambirambi, nani ameachishwa kazi na kesi yake imefika wapi. Programu tunayoitumia hatukuinunua. Ni programu huria, yaani ile ambayo maandishi yake ya ndani yamewekwa wazi, na mtu ye yote anaruhusiwa kuitumia, kuisoma, kuirekebisha na kumgawia mwenzake bila kulipa. Siku mbili kabla ya mkutano mkuu tuliweka toleo jipya la programu hiyo, na daftari likakataa kufunguka.

Tulikasirika. Tukawaandikia watengenezaji barua kali. Tuliwaambia kwamba wametuharibia mkutano, kwamba kazi yao ni ya ovyo, na kwamba tunataka majibu kabla ya asubuhi. Majibu yalikuja usiku wa manane. Fundi mmoja alitueleza hatua tatu za kufuata, tukazifuata, daftari likafunguka. Mwisho wa barua yake aliongeza maneno machache: kwamba yeye ni mwalimu, kwamba ametuandikia baada ya kumaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake, na kwamba kwa kazi hii ya programu halipwi hata senti moja.

Tuliisoma barua ile tukanyamaza. Sisi ambao kila mwaka tunakaa mezani na mwajiri kudai malipo ya saa za ziada, tulikuwa tumemwamrisha mfanyakazi mwenzetu afanye saa za ziada bila malipo, na tena tukamtukana. Tulikuwa tumevaa kofia ya nyapara bila kujua. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Siku ile punda tulikuwa sisi.

Ndugu, jambo hili si dogo, na wala si la watu wa ofisini tu. Simu ya Android iliyo mfukoni mwa mchuma chai imejengwa juu ya Linux, programu huria iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Finland. Hospitali na zahanati nyingi za Afrika ya Mashariki huweka kumbukumbu za wagonjwa kwa programu huria iitwayo OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Na jirani zetu wa Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichukua programu huria ya kazi za ofisini wakaitafsiri kwa Kiswahili, wakaitoa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Hawakumwomba tajiri ye yote ruhusa. Hiyo ndiyo faida ya kitu kilicho mali ya wote.

Lakini mali ya wote huhitaji mikono ya kuitunza. Kisima cha kijiji kisipozolewa tope, hukauka au huleta maradhi. Hebu tutazame nani anayezoa tope la kisima hiki.

Katika mwezi wa Aprili 2014 dunia nzima ilishtuka. Programu huria iitwayo OpenSSL, inayolinda siri za mabenki, maduka na ofisi za serikali katika intaneti, ilionekana kuwa na kasoro mbaya, na kasoro hiyo ilikuwa imekaa humo kwa muda wa miaka miwili. Watu walipouliza walinzi wako wapi, iligunduliwa kwamba mtu aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kwa muda wake wote alikuwa mmoja tu, na michango ya hiari iliyokuwa ikipatikana ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni yanayohesabu faida kwa mabilioni yalikuwa yakichota kisimani kila siku bila kuleta hata jembe. Baada ya aibu hiyo, makampuni zaidi ya kumi yaliahidi kutoa kila moja dola 100,000 kwa mwaka kwa miaka 3. Fedha zilikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuwalazimisha kuona.

Je, walijifunza? Mwezi wa Desemba 2021 ilitokea kasoro nyingine, katika programu iitwayo Log4j, inayotunzwa na watu wa kujitolea. Watu hao waliacha mapumziko yao wakafanya kazi usiku na mchana kuiziba. Mwezi uliofuata, Daniel Stenberg wa Sweden, mtengenezaji wa programu huria iitwayo curl, alipata barua kutoka kwa kampuni moja kubwa. Kampuni ilimpa saa 24 ajibu orodha ya maswali juu ya Log4j. Stenberg hakuwa na mkono wo wote katika Log4j, na kampuni hiyo haikuwa imemlipa cho chote. Alijibu kwa upole kwamba atafurahi kujibu maswali yote mara watakapotia sahihi mkataba wa malipo. Ndugu, hilo ndilo jibu la mfanyakazi anayejua thamani ya jasho lake.

Wengine hawakuweza kujibu hivyo. Kuna programu iitwayo xz, iliyokuwa ikitunzwa na Lasse Collin wa Finland, karibu peke yake. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walimwandama kwa barua za lawama, wakisema amepoteza hamu ya kuitunza na kwamba awaachie wengine. Alijieleza kwamba afya yake si nzuri, na kwamba kazi hiyo anaifanya bila malipo. Hawakumhurumia. Kwa kuchoka akamkaribisha msaidizi aliyejiita Jia Tan, aliyeonekana mwema na mchapa kazi. Baada ya muda msaidizi huyo alitia ndani ya programu mlango wa siri, ambao ungeweza kuwafungulia wezi kompyuta nyingi sana duniani. Uliotuokoa ni uangalifu wa mfanyakazi. Mwezi wa Machi 2024 Andres Freund, mhandisi, aliona kwamba kuingia katika kompyuta kulichelewa kwa nusu ya sekunde. Alifanya kama anavyofanya fundi wa kinu akisikia mashine inalia tofauti: hakupuuza, alifuatilia mpaka akakuta ubaya ulipofichwa.

Fundisho lake ni hili. Lawama zilizomchosha mtu yule ndizo zilizofungua mlango wa adui. Mfanyakazi aliyechoka ni hatari mashineni. Sisi wa viwandani tunalijua hilo kwa vidole vilivyokatika.

Wako watakaosema: "Hakuna aliyewalazimisha. Kama hamwezi kutunza, msitoe." Tumelifikiri neno hilo, na lina ukweli wake kidogo. Mtu akiwagawia wenzake kitu, anawiwa kusema kweli juu ya hali yake: kama bado anakitunza, kama kina kasoro anayoijua, kama ameamua kukiacha. Hiyo ni haki ya mtumiaji, na tutaidai. Lakini zaidi ya hapo hana deni. Leseni za programu hizi zenyewe husema bayana kwamba kitu kinatolewa jinsi kilivyo, bila dhamana. Jirani akikuazima jembe lake, huwezi kumshtaki kwa sababu mpini umelegea. Utaukaza mwenyewe au utamwomba akuonyeshe namna.

Tuseme pia neno moja la tahadhari. Waajiri wanalipenda sana neno "kujitolea". Tumelisikia shambani siku za mavuno na kiwandani wakati wa maagizo mengi: jitoleeni, sisi ni familia moja. Kujitolea kwa ajili ya jirani ni utu. Kujitolea ili tajiri aongeze faida yake ni unyonyaji uliopakwa asali. Kwa hiyo hatusemi kwamba mafundi wa programu huria waendelee kuumia kimya kimya. Twasema wajipange, waseme "hapana" pasipo haya, na makampuni yanayotajirika kwa kazi yao yalipe. Lawama yetu ya kwanza iwaendee hao, wala si tawi dogo lenye kompyuta moja.

Lakini na tawi dogo lina wajibu wake. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumekula wali wa wenyeji kwa miaka, na sasa tumeshika jembe. Kamati ya tawi imeamua mambo manne.

Kwanza, kabla ya kuweka toleo jipya tutanakili daftari letu mahali pengine. Kosa la kutofanya hivyo lilikuwa letu.

Pili, tukipata hitilafu tutaieleza kama tunavyoieleza hitilafu ya mashine kwa fundi wa zamu: tulifanya nini, tuliona nini, lini, na programu ni toleo gani. Matusi hayatengenezi mashine.

Tatu, vijana wetu wawili wanaojua Kiswahili na Kiingereza wataanza kutafsiri maelezo ya programu hiyo, ili matawi mengine yasilazimike kumwamsha mwalimu yule usiku.

Nne, kila mwaka tutatenga fedha kidogo katika mfuko wa tawi kwa ajili ya watunzaji wake. Si nyingi, lakini ada ya mwanachama mmoja pia si nyingi, na kwa ada hizo tumejenga chama.

Yule mwalimu tulimwandikia tena tukamwomba radhi. Alijibu kwa mistari miwili, akauliza kama mkutano wetu ulikwenda vizuri. Ulikwenda vizuri, ndugu. Wanachama wote walihesabiwa, na hakuna hata mmoja aliyepoteza haki yake ya kupiga kura. Tunamhesabu na yeye kuwa mmoja wetu, ingawa jina lake halimo katika daftari alilolifungua.