Kujitolea Huanza kwa Kuuliza



Wako wenzetu waulizao, na wazazi pia, kwa nini wanachama wa Chama cha Kujitolea huamka mapema siku ya Jumamosi wakateremka bondeni kupanda matete kwa ajili ya ndege. Siku ya wazazi mzee mmoja aliniambia wazi, "Mwanangu, mimi nimeuza korosho ili wewe usome, si ili ukawajengee ndege nyumba." Neno hilo si la kudharauliwa. Fedha ya korosho hupatikana kwa jasho, nami ni mtoto wa mkulima. Napenda kumjibu mzee huyo kwa heshima, lakini jibu langu haliwezi kuwa la kweli nisipoanza na kosa letu wenyewe.

Mtu aliyezaliwa katika Uwanda wa Makonde hahitaji kufundishwa thamani ya maji. Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na udongo wetu una mchanga mwingi. Mvua inyeshapo, maji huzama upesi, kisha hutokea tena huko chini, kwenye kingo za uwanda na mabondeni. Ndiyo sababu bibi zetu walikuwa wakiteremka na mitungi kabla ya jogoo kuwika, wakapanda tena mlima jua likiwa kali. Tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa mashine kutoka mabondeni hadi juu, na kazi hiyo imewaondolea watu taabu kubwa. Hata hivyo, bomba likikauka watu huirudia chemchemi. Hapo ndipo ndoo na ndege hukutana.

Nilipokuwa kidato cha pili, chama chetu kilitafuta kazi ya kuwaonyesha wageni siku ya wazazi. Tukaambiana, "Twende tukasafishe chemchemi iliyo bondeni, chini ya Mkunya." Tulikuwa vijana 40, nami nilikuwa mstari wa mbele na fyekeo langu. Kwa siku mbili tulifyeka matete yote, tukang'oa mafunjo, tukayachoma moto, na tukachimba mfereji ili maji yaliyotuama yapate kutoka. Kisha tukapanda mikaratusi, kwa kuwa hukua upesi. Tulipigwa picha, tukapigiwa makofi. Mimi nilipewa cheti, nacho kimo sandukuni mwangu mpaka leo.

Siku ile ya pili bibi mmoja alipita akiwa na ndoo kichwani. Alisimama, akatutazama, akasema, "Wajukuu zangu, mbona mmemvua mama nguo?" Sisi tukacheka. Tulidhani ni maneno ya uzee tu.

Mvua ziliponyesha ndipo tulipojua maana ya neno lake. Mchanga wa mlimani uliteremka bila kizuizi ukajaa katika shimo la kuchotea, na maji yakawa kama uji. Kiangazi kilipofika, pale palipokuwa na kinamasi pakapasuka nyufa. Mnana waliokuwa wakining'iniza viota vyao kwenye matete walikwenda zao. Mdiria hakuonekana tena, wala fundichuma aliyezoea kusimama majini akitafuta vyura. Lakini taabu haikuwa ya ndege peke yao. Akina mama walichota kwa zamu usiku, kikombe baada ya kikombe, wakingoja maji yajikusanye. Nilimwona mtoto mdogo, labda wa darasa la tatu, akisinzia juu ya ndoo yake. Tangu siku hiyo sijakitazama cheti changu kwa furaha.

Mwalimu wetu wa Biolojia alitueleza tuliyoyafanya. Matete na mafunjo si uchafu. Mizizi yake hushika udongo, na mashina yake hupunguza mwendo wa maji, mchanga ukatulia kabla haujafika chemchemini. Yale matope meusi ni kama godoro lililolowa: hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Kwa hiyo achimbaye mfereji katika kinamasi ametoboa mtungi. Nao mkaratusi hunywa maji mengi, haufai kupandwa kando ya chemchemi. Kadhalika ndege wa asili hawakai pale bure. Mmoja hula wadudu, mwingine vyura, mwingine samaki wadogo, na kuwapo kwao ni dalili kwamba maji yale yana uhai. Aonaye ndege wametoweka amepata habari mapema, kabla ndoo yake haijawa tupu.

Mambo haya yamewashughulisha watu wa nchi nyingi. Mwaka 1971 wajumbe wa mataifa walikutana katika mji wa Ramsar, nchini Iran, wakapatana kuhifadhi vinamasi na mabwawa. Tanzania ilijiunga na mapatano hayo mwaka 2000, na Bonde la Kilombero likaandikwa katika orodha yake mwaka 2002. Katika matete ya bonde hilo huishi mnana ambaye wataalamu hawakumpa jina la kisayansi mpaka mwaka 1990, wala hajulikani nje ya Tanzania. Matete yakiisha, naye amekwisha. Chemchemi yetu ni ndogo sana mbele ya Kilombero, lakini nayo ina wageni wake. Mbayuwayu wa Ulaya, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, huja Afrika kila mwaka kukimbia baridi ya kwao, na hupenda kulala makundi makundi katika matete. Asafiri maelfu ya kilomita, kisha akute majivu!

Basi mwaka jana tulirudi bondeni, na safari hii tulianza kwa kuuliza. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, halafu tukamtafuta yule bibi tukamwomba radhi. Hapo likazuka jambo gumu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Lakini bustani za mchicha na nyanya za akina mama zilikuwa hatua 20 tu kutoka chemchemini. Wenzetu wengine walisema, "Sheria ni sheria, waondoke." Sheria ni njema, nami siipingi. Lakini naona kijana aliyeshiba ugali wa shule hawezi kumwamuru mama ang'oe mboga za watoto wake, hali sisi wenyewe tulifyeka matete bila idhini ya mtu. Mwishowe tulipatana na kijiji kwamba bustani zihamishwe baada ya mavuno, na chama kiwalimie akina mama matuta mapya mbali na chemchemi. Kazi hiyo ilichukua Jumamosi saba. Hakuna aliyepiga picha.

Ndipo tukang'oa mikaratusi yetu, tukaziba mfereji kwa mawe na magunia ya mchanga, tukaleta mizizi ya matete kutoka sehemu ya chini ya bonde, na tukapanda mikuyu pembezoni. Muhula huu nimehesabu viota 11 vya mnana. Maji bado hayajawa kama zamani, na bibi asema yatataka miaka. Lakini mchanga umepungua shimoni, na akina mama sasa huchota kwa kata badala ya kikombe.

Kwa haya yote nina mashauri matatu. La kwanza, chama chetu kisifanye kazi yoyote mahali pa watu kabla ya kuwauliza wanaoishi hapo. Tungalimsikiliza bibi mmoja kwa dakika tano, tusingalipoteza miaka miwili. La pili, kazi hii isitolewe kuwa adhabu. Nimesikia shauri kwamba wanaochelewa mstarini wapelekwe bondeni kubeba mchanga. Kazi ikigeuzwa adhabu, mtu huichukia hata uzeeni, na mwenye kuichukia hataitunza. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kazi ya shule iwe sehemu ya elimu yenyewe, na shule isijitenge na watu wanaoizunguka. La tatu, tusipime kazi kwa makofi ya siku moja. Liwepo daftari la zamu za Jumamosi, nalo lipokezwe kutoka kidato hadi kidato. Wala hatuhitaji watu wengi. Umoja wa vijana uitwao Roots & Shoots ulianza Dar es Salaam mwaka 1991 kwa wanafunzi 12 tu waliokutana na Jane Goodall, na leo umeenea katika nchi nyingi.

Sasa namrudia mzee wangu wa korosho. Mzee, fedha yako haikupotea. Shuleni nimejifunza jinsi maji yanavyotembea chini ya ardhi, na bondeni nimejifunza kumwomba radhi mtu niliyemkosea na kulipa deni langu kwa jembe. Nyumba tuliyowarudishia ndege ndiyo hiyo hiyo iwekayo maji ya mjukuu wako.

Mwezi wa Novemba sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani wetu wa taifa, kisha tutafunga masanduku twende kwetu. Mvua za kwanza zitatukuta tumekwisha ondoka, na magunia yale ya mchanga yatataka kutazamwa. Daftari la zamu liko kwangu, bweni la pili, kitanda cha karibu na mlango. Ndugu zangu wa kidato cha pili, ni nani atakayekuja kulichukua?

Mwanachama,
Kidato cha Nne