Punda Naye Ahitaji Daktari Bingwa

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Sisi twaona wenye kulipa wema kwa mateke ni binadamu. Punda hutuchotea maji, hubeba kuni, huvuta mkokoteni mpaka sokoni, na katika vichochoro vya Lamu ndiye gari la mji. Akiugua, bingwa wa kumtibu yuko wapi?

Madaktari wa mifugo wanaotoka Kabete na Morogoro twawasifu. Lakini katika miaka yao 5 hujifunza ng'ombe, mbuzi, kuku, mbwa na wengineo. Ubingwa wa farasi na punda ni safari nyingine. Marekani na Ulaya, mwenye shahada kwa kawaida hutumika hospitalini mwaka 1, kisha miaka kama 3 tena chini ya mabingwa: hupasua matumbo yaliyojisokota, hutibu kwato, hukesha na majike wanaozaa, ndipo hufanya mtihani wa ubingwa. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twalifahamu jambo hili. Mtu hawi mwalimu kwa daftari tu. Husimama mbele ya darasa, mkufunzi wake ameketi nyuma.

Nafasi hizo ng'ambo ni chache na hugombewa na wengi. Tena wagonjwa wa huko zaidi ni farasi wa mashindano na wa kupandwa, na punda si farasi mdogo. Baadhi ya dawa za maumivu humwishia mwilini upesi kuliko farasi. Akikaa siku chache bila kula, mafuta hujaa katika damu yake, naye aweza kufa. Maumivu huyaficha, husimama kimya, mwenyewe akamwita mvivu na kumchapa.

Wako wasemao, "Tuwapeleke vijana ng'ambo, yatosha." Waende, lakini kwa ahadi ya kurudi kufundisha. Jambo kubwa ni kuyaanzisha mafunzo hapa kwetu, kwa maana wagonjwa wako hapa. Ethiopia ina punda wengi kuliko nchi yoyote duniani. Kenya ilihesabu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2009; mwaka 2019, baada ya machinjio ya kuuza ngozi kufunguliwa, walibaki kama milioni 1.2. Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Ni vema. Lakini kumwokoa na kisu kisha kumwacha afe kwa msokoto wa tumbo ni kazi nusu.

Basi Kabete, Morogoro na chuo cha Bishoftu washikane mikono: wodi za punda, mabingwa waalikwe kusimamia, na serikali ziwalipe posho vijana wakiwa mafunzoni. Gharama ipo, hatukatai. Lakini mama aliyepoteza punda wake hubeba debe la maji kichwani mwake, naye hulipa kila siku. Wenye madaraka, twangoja jibu.