Ajali Isiyoandikwa Haina Dawa

Takwimu za ajali ni chombo cha kupimia usalama wa wananchi, kama vile kipimajoto kilivyo chombo cha kupimia homa. Kipimajoto kisichomgusa mgonjwa hakiwezi kueleza homa yake. Vivyo hivyo, hesabu isiyowafikia walioumia haielezi hatari iliyopo, hata ikiwa imechapwa vizuri katika kitabu cha Serikali.

Yafaa kuitazama kata ya Unyambwa, katika Manispaa ya Singida. Hiyo ni nchi ya alizeti, mtama, uwele na mifugo. Mji wa Singida ulio jirani ni njia panda ya magari yaendayo Dodoma, Mwanza na Arusha, na pikipiki ndizo ziunganishazo vijiji na mji. Chukulia kwamba kijana wa huko ameanguka na pikipiki katika njia ya vumbi. Hakuna gari jingine lililohusika, wala askari aliyeitwa. Majirani wanamfikisha hospitali, anatibiwa, anarudishwa nyumbani, na siku ya 20 anafariki. Kwa kanuni itumiwayo na Shirika la Afya Duniani, kifo kinachotokea ndani ya siku 30 baada ya ajali ni kifo cha barabarani. Lakini ni nani atakayekiandika? Polisi hawana habari, hospitali iliandika majeraha tu, na mazishi mengi ya vijijini hufanyika bila kifo kusajiliwa.

Ukubwa wa pengo hilo waweza kukadiriwa. Mwaka 2016 takwimu rasmi za Tanzania zilionyesha vifo 3,256 vya barabarani. Kwa mwaka huohuo, Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2018, lilikadiria vifo 16,252. Idadi ya watu ikichukuliwa kuwa takriban milioni 55.6, hesabu ya kwanza inatoa vifo 6 hivi kwa kila watu 100,000. Ya pili inatoa vifo 29. Hali si ya Tanzania peke yake. Kenya iliandika vifo 2,965 mwaka huo, nayo ikakadiriwa kuwa na 13,463.

Hapana budi kusema kwa haki kwamba kadirio si hesabu ya makaburi. Hupatikana kwa kanuni za kihisabati, na kanuni hizo zaweza kukosea. Wala tofauti hiyo si ushahidi kwamba mtu fulani amesema uongo. Askari hawezi kuandika ajali asiyoarifiwa. Hata hivyo, tofauti ya karibu mara 5 ni kubwa mno kupuuzwa.

Kwa upande wa kazi, giza ni nene zaidi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya ajali, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umejengwa juu ya michango ya waajiri. Hatua hizo ni njema. Lakini mkulima aliyeumwa na nyoka shambani, mama aliyerukiwa jichoni na kipande cha jiwe akiponda kokoto, na kijana aliyekatwa kidole na mashine ya kukamulia alizeti ya mjomba wake hawana mwajiri wa kuwaandikia taarifa. Kila ofisi huhesabu kwa haja yake: polisi kwa ajili ya kosa, hospitali kwa ajili ya tiba, mfuko kwa ajili ya fidia. Asiyeingia katika haja yoyote kati ya hizo hahesabiwi.

Madhara yake ni makubwa. Tuta la barabarani, taa, gari la wagonjwa na mafunzo ya usalama hugawanywa kwa kufuata tarakimu. Mahali pasipo na ajali katika daftari huonekana salama, na fedha huenda kwingine. Wahenga walionya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa hakuna anayeficha. Maradhi hayakuulizwa tu.

Dawa yake haihitaji mitambo ya gharama. Mtendaji wa kata, zahanati na kituo cha polisi wakiwa na daftari la namna moja, na kulilinganisha kila mwezi, majina yaliyopotea yataonekana. Mwenyekiti wa kijiji au mtaa, ambaye hakosi kujua msiba wa eneo lake, aulizwe sababu ya kila kifo.

Shule nazo zina wajibu. Mwalimu wa hisabati na awafundishe wanafunzi kuiuliza kila takwimu maswali manne: nani amehesabu, nini kimehesabiwa kuwa ajali, kati ya watu wangapi, na nani ameachwa nje? Ajali zikipanda kutoka 10 hadi 20 katika kata, huenda hatari imeongezeka. Huenda pia pikipiki zimeongezeka maradufu, au karani mpya ameanza kuandika kwa uaminifu. Kwa hiyo kiongozi ambaye tarakimu zake zimepanda baada ya kuboresha daftari asilaumiwe, bali apongezwe. Akiadhibiwa, mwaka utakaofuata tarakimu zitashuka, na watu wataendelea kufa.